Sura ya 6: Dawa Ikipatikana, Utampa Mwanao?

Swali hili nimeulizwa na wauguzi, na majirani, na ndugu wa Tanga kwa simu, na dereva mmoja aliyekuwa akitupeleka stesheni ya Gautrain. Lakini aliyeniuliza nikakosa usingizi ni bibi mmoja wa Unguja, tuliyekutana Jumamosi moja kwenye maduka ya Msikiti wa Nizamiye, hapa Midrand. Binti yangu, wakati huo ana miaka 12, alikuwa ameushika mkono wa bibi akimhesabia pete: moja, mbili, nne. Bibi alimwacha ahesabu mpaka akamaliza, kisha akanigeukia.

"Mwanangu, hivi hali hii haina dawa?"

"Haina, bibi."

"Na ikipatikana kesho, utampa?"

"Nitampa, bibi. Kwa nini nisimpe?"

Nilijibu upesi, kama mtu anavyoitikia hodi. Usiku nilikwenda kumfunika. Alikuwa amelala kama kawaida yake, miguu juu ya mto, kichwa upande wa miguuni. Nikasimama pale nikijiuliza: nikimpa dawa hiyo, asubuhi ataamka nani?

Sura hii ni jibu la bibi yule, safari hii bila haraka. Mimi si daktari, ni mkalimani wa Bunge la Afrika. Bunge hilo lina makao yake hapa Midrand, tangu siku ambazo Mtanzania Gertrude Mongella alikuwa rais wake wa kwanza, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake rasmi. Kazi ya ukalimani imenifunza jambo moja: neno dogo huweza kubeba maswali matatu kwa pamoja, na ukilitafsiri upesi unapoteza mawili. Neno "dawa" ni la namna hiyo. Sisi Waswahili hatukuliacha hospitalini. Tunasema dawa ya deni ni kulipa, dawa ya moto ni moto. Kila kero ina dawa yake. Kwa hiyo kabla ya kusema nitampa au sitampa, sina budi kuuliza: dawa ya nini?

Doti yenye vipande vitatu

Mwili wa binadamu umejengwa kwa seli, chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Ndani ya seli mna nyuzi zinazobeba maagizo ya mwili: rangi ya macho, umbo la sikio, namna moyo unavyojengwa. Nyuzi hizo zinaitwa kromosomu.

Zifikirie kama kanga. Kanga huuzwa kwa doti, vipande viwili vinavyokwenda pamoja. Kromosomu nazo ziko hivyo: kwa kawaida mtu ana doti 23, yaani vipande 46, na katika kila doti kipande kimoja kimetoka kwa mama, kingine kwa baba. Binti yangu ana doti 22 za kawaida, na moja, ile ya namba 21, ina vipande vitatu. Jumla 47. Hiyo ndiyo sindromu ya Down. Sindromu maana yake ni mkusanyiko wa dalili zinazoandamana, na Down ni jina la daktari Mwingereza, John Langdon Down, aliyeieleza hali hii mwaka 1866. Kipande cha tatu chenyewe kilitambuliwa na watafiti wa Ufaransa, Marthe Gautier, Jérôme Lejeune na Raymond Turpin, na kutangazwa mwaka 1959. Ndiyo maana Siku ya Sindromu ya Down Duniani, inayoadhimishwa na Umoja wa Mataifa tangu 2012, ni tarehe 21 ya mwezi wa 3: namba 21, vipande 3.

Mama aliyejifungua juzi atataka kujua kwanza kama ni kosa lake. Hapana. Katika visa 95 hivi kwa kila 100, vipande vya doti namba 21 vilishindwa kuachana wakati yai au mbegu ilipokuwa ikitengenezwa. Hakuna chakula, kazi, kijicho wala mwiko uliosababisha. Umri wa mama huongeza uwezekano: akiwa na miaka 25 ni kama mtoto 1 kwa 1,200, akiwa na 40, kama 1 kwa 100. Hata hivyo watoto wengi wa hali hii wana mama vijana, kwa sababu vijana ndio wanaozaa zaidi.

Na maneno "taahira" na "zezeta" tuyaache. Hayaelezi chochote, yanampiga mtoto tu.

*Kwa ufupi:*
- Sindromu ya Down inatokana na kipande cha tatu cha kromosomu namba 21.
- Mtoto huzaliwa nayo; haiambukizwi, na si adhabu ya mtu yeyote.
- Kipande hicho kimo karibu katika kila seli, kuanzia ubongo mpaka ngozi.

Maabara zimefika wapi?

Jambo hilo la mwisho ndilo linalowahangaisha wanasayansi. Doa la kanga hufuliwa. Uzi uliofumwa nguo nzima utautoa vipi?

Wapo wanaojaribu. Mwaka 2013 kundi la Jeanne Lawrence, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts huko Marekani, lilifaulu kukinyamazisha kipande cha tatu katika seli zilizokuzwa maabara. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Mie, Japani, walikwenda mbali zaidi: walitumia CRISPR, mbinu inayofanya kazi kama mkasi wa kukata maagizo ya urithi, wakakiondoa kabisa kipande cha ziada katika baadhi ya seli. Tuelewane vizuri hapo. Ni seli ndani ya chombo. Hakuna mtu aliyebadilishwa.

Wengine hawakigusi kipande chenyewe, wanatafuta kuusaidia ubongo ujifunze kwa wepesi. Kampuni ya Roche ya Uswisi ilijaribu dawa iitwayo basmisanil kwa vijana na watu wazima, ikasimamisha jaribio mwaka 2016 kwa sababu waliopewa dawa hawakupata nafuu kuliko waliopewa dawa bandia. Mwaka 2022 watafiti wa Ufaransa na Uswisi walieleza kuhusu wanaume 7 waliopewa homoni, yaani kemikali ambayo mwili hutumia kupelekea viungo ujumbe, kwa miezi 6. Sita kati yao walifanya vizuri zaidi katika vipimo vya akili. Ni habari ya kutia moyo, lakini watu 7 ni wachache mno, na hakukuwa na kundi la dawa bandia la kulinganisha nalo.

Kwa hiyo mtu akikuuzia leo kidonge, mizizi au mafuta ya "kuponya Down", anakuuzia hewa. Fedha hiyo mlipie mtaalamu wa kumfundisha mwanao kutamka.

Dawa anayokunywa kila asubuhi

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, hali ya hewa ikiwa ya baridi kavu ya Juni, naweka kidonge kidogo cheupe kwenye kijiko cha chai. Binti yangu anakitazama kama anayekikagua, anakimeza, anakunywa maji, kisha ananifungulia mdomo wazi nihakikishe. Halafu tunangoja nusu saa ndipo ale. Kidonge kile ni cha tezi ya shingoni, inayoendesha kasi ya mwili. Kwa watu wenye sindromu ya Down tezi hiyo huwa mvivu mara nyingi. Kabla uvivu huo haujagunduliwa alikuwa mzito, anasinzia darasani, nywele zinamdondoka, na mimi nikidhani ndiyo hali yenyewe. Haikuwa hali yenyewe. Ulikuwa ugonjwa, na ulikuwa na dawa.

Nilichukua muda mrefu kuelewa tofauti hiyo. Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na hitilafu ya moyo, mara nyingi tundu katikati ya moyo, ambalo madaktari hulifunga mtoto akiwa bado mchanga. Masikio hujaa majimaji na kuzuia usikivu. Macho huhitaji miwani. Pumzi hukatika usingizini. Yote haya yanatibika au yanapungua.

Sasa tazama hesabu hii. Nchini Marekani, mwaka 1983 mtu mwenye sindromu ya Down alitarajiwa kuishi miaka kama 25. Leo ni karibu 60. Kipande cha tatu kiko palepale, hakuna aliyekiondoa. Kilichobadilika ni kwamba madaktari waliacha kuwanyima watoto hawa upasuaji wa moyo, na familia ziliacha kuwafungia katika majumba ya kutunzia watu. Miaka 35 hiyo ililetwa na uamuzi kwamba mtoto huyu anastahili kutibiwa kama mwenzake.

*Kwa ufupi:* mzazi mwenye mtoto mchanga asisubiri dawa ya kesho. Aulize leo kuhusu vipimo hivi:
- moyo, kwa mashine ya mawimbi ya sauti;
- tezi ya shingoni, kwa damu, na kurudia kila mwaka;
- masikio na macho;
- namna mtoto anavyopumua akilala.

Akiondolewa kipande, anabaki nani?

Tuseme basi kwamba maabara zimefaulu. Kidonge kipo mezani, kinaondoa kipande cha tatu chote. Nimpe?

Kuna wanaojibu "usimguse, hawa ni malaika". Najua wanasema kwa upendo, lakini sikubaliani nao. Malaika hachoki wala hakasiriki, na binti yangu anachoka na kukasirika. Maneno yake hutoka yamekunjana, maana ulimi na misuli ya mdomo wake ni laini. Mimi namwelewa. Mwenye duka hamwelewi. Kazini nawatafsiria wabunge, na nikirudi namtafsiria mwanangu kwa muuza mkate. Siku moja alitaka kunisimulia jambo la shuleni, nikakosa neno moja. Akalirudia mara ya pili, ya tatu, ya nne. Mara ya tano alipiga meza kwa kiganja, akaenda chumbani na kufunga mlango. Mpaka leo sijui alitaka kuniambia nini. Nikiletewa dawa ya kuunyoosha ulimi ule, nitampa siku hiyohiyo, wala sitaita kikao cha ukoo.

Nitampa na nyingine. Kromosomu namba 21 ndiyo inayobeba agizo la kutengeneza protini ambayo, ikizidi, hujikusanya katika ubongo na kuleta ugonjwa wa Alzheimer, ule unaomfuta mtu kumbukumbu. Wenye vipande vitatu huitengeneza kwa wingi. Kufikia miaka 40 karibu wote wana dalili zake katika ubongo, na wengi mno kati ya wanaofika 60 huanza kusahau kweli. Binti yangu anajua nyimbo za harusi tangu ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho, na majina ya watoto wote wa dada zangu kwa mpangilio wa kuzaliwa. Anayetaka kumhifadhia hazina hiyo, mlango wangu u wazi.

Lakini kipande chote? Hapo nasita. Sababu ni kwamba kipande kile hakikuja baadaye kama malaria. Kilikuwepo tangu siku ya kwanza, kikafuma pamoja na vingine kila kitu alicho nacho: namna anavyongoja mpaka mtu amalize kusema, namna anavyomwendea anayelia kabla hajaitwa, ukaidi wake, kicheko chake kinachoanza begani. Sijui lipi limetoka kwenye kipande cha tatu na lipi limetoka kwa bibi yake wa Tanga, ambaye naye ni mkaidi. Hakuna anayejua. Siwezi kuomba uzi mmoja utolewe kwa ahadi kwamba nguo itabaki ileile.

Na wenyewe wanasemaje? Mwaka 2011 daktari wa Marekani, Brian Skotko, na wenzake walichapisha majibu ya watu 284 wenye sindromu ya Down, kuanzia miaka 12. Karibu 99 kwa 100 walisema wanayafurahia maisha yao, na 97 kwa 100 walisema wanajipenda walivyo. Walioulizwa walitoka katika familia zilizojiunga na vyama, kwa hiyo pengine walikuwa na msaada kuliko wengine. Hata hivyo, majibu hayo yananiambia kwamba uchungu ninaotaka kuutibu mara nyingi hauko kwake. Uko kwangu, na uko barabarani.

Uchungu unaotoka kwa watu

Wa barabarani nauelezea kwa mfano. Alipofika umri wa kuanza darasa la kwanza, shule moja ilitupokea kwa chai na biskuti. Walipomwona, wakasema nafasi zimejaa. Wiki hiyohiyo jirani yangu aliandikisha mwanawe pale. Afrika Kusini ilipitisha sera ya elimu jumuishi, yaani watoto wote kusoma pamoja kwa kusaidiwa, tangu 2001. Lakini mwaka 2015 shirika la Human Rights Watch lilikadiria kwamba watoto wenye ulemavu kama nusu milioni nchini humu hawakuwa shuleni. Kidonge gani kinatibu shule?

Kuna kubwa zaidi. Katika jimbo hili letu la Gauteng, mwaka 2016, idara ya afya ilihamisha zaidi ya watu elfu moja wenye maradhi ya akili na ulemavu wa akili kutoka vituo vya Life Esidimeni, ikawapeleka katika nyumba nyingi zisizo na leseni halali. Watu 144 walikufa, wengine kwa njaa na kiu. Jaji mstaafu Dikgang Moseneke alisikiliza ndugu zao na kutoa uamuzi mwaka 2018. Niliposoma habari zile niliona wazi kwamba wale watu hawakuuawa na kromosomu wala na maradhi yao. Waliuawa na fikra kwamba mtu asiyeweza kujitetea anaweza kuhesabiwa kama mzigo wa lori.

Uchungu huu nao una dawa: sheria, na watu wa kuisimamia. Umoja wa Afrika ulipitisha mwaka 2018 itifaki ya haki za watu wenye ulemavu barani, ikaanza kutumika 2024. Una dawa nyingine, ya mfano hai. Sheri Brynard wa Bloemfontein ana sindromu ya Down. Alisoma ualimu akahitimu, akafundisha watoto wenye mahitaji maalumu katika mji huohuo. Si kila mtoto atakuwa Sheri, wala haimpasi. Ila kila mwalimu anayesema "hawa hawafundishiki" inampasa kumjua.

*Kwa ufupi:* mtoto anapoumia, tazama kwanza uchungu unatoka wapi. Ukitoka mwilini, mwite daktari. Ukitoka kwa watu, usimpeleke mtoto kwa daktari ili watu wastarehe.

Swali lililo nyuma ya swali

Limebaki moja, nalo wazazi tunaliambiana kwa sauti ya chini, tukiwa jikoni, watoto wamelala: nikifa, nani atamwangalia?

Nakiri kwamba siku ile, nilipomjibu bibi wa Unguja "nitampa", hofu hii ndiyo iliyokuwa ikijibu. Nilitaka dawa ya kifo changu. Huku ugenini hofu ni kubwa zaidi: shangazi wako Tanga, mjomba yuko Mombasa, na jirani wa ukuta kwa ukuta hujui hata jina lake la pili. Zamani jibu la swali hili lilikuwa ukoo, kwamba mtoto ni wa wote. Leo inatubidi kuuandika ukoo kwenye karatasi. Hivi ndivyo nilivyofanya, na nawashauri wenzangu:

1. *Wasia.* Mtaje mlezi kwa jina, baada ya kumuuliza na yeye kukubali. Mimi nilimpigia mdogo wangu. Alikaa kimya muda, kisha akasema, "Dada, mimi nilidhani ulishaniandika."
2. *Mali.* Usimwachie mtoto fedha mkononi. Sheria ya hapa inaruhusu amana maalumu kwa ajili ya mtu mwenye ulemavu, inayosimamiwa na watu uliowateua.
3. *Ruzuku.* Kwa raia, wakazi wa kudumu na wakimbizi, serikali ya Afrika Kusini hutoa ruzuku ya malezi kwa mtoto mwenye ulemavu mzito mpaka afike miaka 18. Baada ya hapo huomba ruzuku ya ulemavu ya mtu mzima.
4. *Daftari la mtoto.* Andika kidonge gani, saa ngapi, anapenda wali upi, anaogopa nini. Langu lina ukurasa mzima kuhusu radi za alasiri za msimu wa mvua: zikianza, mshike masikio, usimwambie "acha woga".
5. *Kujitegemea.* Kila analolifanya mwenyewe leo ni kazi moja iliyopungua kwa atakayekuja baada yako.

Hili la tano ndilo gumu kwangu. Vifungo vya shati lake la shule ni sita. Mimi navifunga kwa nusu dakika. Yeye anatumia dakika nane, ncha ya ulimi nje, na cha tatu humshinda kila siku. Kwa miaka mingi nilimfungia, nikaita huko ndiko kumpenda.

Mwaka jana, amefikisha miaka 14, nilimuuliza swali ambalo wote tumekuwa tukiulizana juu ya kichwa chake. Nililiweka katika maneno mepesi: "Ukipata kitu kimoja kibadilike kwako, unataka nini?" Hakufikiri hata kidogo. Akasema neno, sikulishika. Akarudia. Mara ya tatu nikalipata: "Rimoti."

Rimoti ya geti. Tunaishi ndani ya uzio, kama wengi hapa Midrand, na kila mkubwa ana rimoti yake. Yeye kila akitoka huomba kufunguliwa.

Bibi wa Unguja sijamwona tena. Nikimwona nitamwamkia, nimwambie hivi: bibi, nitampa kila dawa itakayompa yeye kitu alichokuwa akikitaka. Ile ya kunipa mimi mtoto mwingine sitaipokea. Na ile ya hofu yangu naitafuta mwenyewe, kwa karatasi na kwa ndugu.

Rimoti nilimnunulia wiki ile. Jioni alikwenda getini peke yake, nami nikabaki mlangoni, mikono nimeifumbata. Akabonyeza. Geti likafunguka, likajifunga. Akabonyeza tena. Akatoka, akanipungia mkono kutoka upande wa pili wa vyuma, akasimama pale kwa muda wake wote aliotaka. Kisha akajifungulia mwenyewe, akaingia ndani.